Kinga ya VVU: kidonge, pete au sindano, ipi itakufaa?

Chupa ya PrEP, dawa ambayo asiye na virusi vya Ukimwi humeza ili asiambukizwe, huja na vidonge 30, na ukitembea nayo mkobani hulia kama kayamba. Binti mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, alinirudishia yake baada ya mwezi, vidonge zaidi ya nusu vingalimo. Sikumuuliza sababu. Aliutikisa mkoba mbele yangu, chaka chaka chaka, akasema, "Dada, nikipanda feri nayo hivi, abiria wote washajua." Nikamfundisha ujanja tunaofundishana: sokomeza pamba juu ya vidonge, kelele itakufa. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Mwezi uliofuata hakuja.

Kila ninapokaa na watu kuwaeleza njia za kujikinga na virusi vya Ukimwi, swali la kwanza huwa lile lile: ipi kali zaidi? Nitalijibu, maana majibu yapo na ni mazuri kuliko wakati wowote tangu nianze kazi hii ya uelimishaji rika. Ila suala la mkoba ndilo huamua mtu atajikinga au hatajikinga. Nani hufungua kabati lako? Unalala chumba kimoja na nani? Nauli ya kliniki hutoka kwa nani, na humwambia unakwenda wapi? Shika maswali hayo tukiendelea.

Ninazolinganisha ni dawa nne: kidonge cha kila siku, pete ya mwezi mmoja, sindano ya miezi miwili iitwayo cabotegravir, na sindano ya miezi sita iitwayo lenacapavir. Zote ni za mtu asiye na virusi, na zote huanza na kupimwa. Ukiwa tayari unavyo bila kujua, dawa ya kinga peke yake haitoshi kukutibu, na virusi hupata nafasi ya kuizoea. Hakuna hata moja inayozuia kaswende, kisonono wala mimba, kwa hiyo kondomu bado ina kazi. Tohara siitii kwenye mizani. Majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu na Rakai (Uganda) yalionyesha kuwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini huku kwetu Pwani mvulana hupita jandoni kabla hajajua kusoma. Hapo hakuna la kuchagua.

Kidonge

Kidonge ndicho mkongwe wa wote. Ni mchanganyiko wa tenofovir na emtricitabine, uliokubaliwa Marekani kwa kinga mwaka 2012, ukapendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kwa kila aliye hatarini, na Kenya ikaanza kuutoa kitaifa Mei 2017. Kwenye vituo vya serikali ni bure. Ukikimeza kila siku, hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa njia ya ngono kwa takriban asilimia 99.

Hiyo ni hesabu ya mezaji hodari. Sasa sikia hesabu nyingine. Mwaka 2011 utafiti wa FEM-PrEP, ambao Bondo kule ziwani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulisimamishwa kabla ya wakati. Wanawake 33 waliopewa dawa walikuwa wameambukizwa, na 35 kati ya waliopewa kidonge kitupu. Yaani ilikuwa kana kwamba dawa haikuwapo. Wakati huo huo, katika utafiti wa Partners PrEP uliofanywa Kenya na Uganda kwa wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, dawa ile ile ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Wapenzi wale walijua hatari inalala kitanda gani, na walikumbushana. Wengi wa mabinti wa FEM-PrEP walijiona hawamo hatarini. Utafiti wa tatu, VOICE, ulipopima damu za wanawake ulikuta dawa katika chini ya theluthi moja ya sampuli.

Wataalamu waliandika kwamba wanawake hawakuzingatia dawa. Neno hilo hunikera. Mwanamke anayeficha chupa ndani ya pipa la unga, akaikosa usiku kwa kuwa mama mkwe anapika chapati, si mzembe. Na kwa macho ya jirani, chupa ya kinga na chupa ya matibabu ni kitu kimoja. Ukionekana nayo, ushapewa ugonjwa usio nao.

Pamoja na hayo, kidonge kina mazuri yake. Siku hatari ikiisha, unaacha, na hakibaki mwilini miezi na miezi. Kimetumiwa na wajawazito na wanaonyonyesha kwa miaka mingi. Mwenye kutumia dawa za kifua kikuu hutumia bila tatizo. Mwanzoni huenda ukapata kichefuchefu au kichwa kuuma, kwa kawaida huisha baada ya wiki chache. Figo hupimwa, hasa kwa watu wazima kidogo na wenye kisukari au presha. Na ukiwa na homa ya ini aina ya B, usiache ghafla bila kumwambia daktari, maana dawa hii huituliza homa hiyo, na ukiiondoa inaweza kulipuka.

Mwanamke anahitaji kumeza siku 7 mfululizo kabla ya kukitegemea. Wanaume wana njia ya mkato iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani: vidonge viwili saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja siku inayofuata, na kimoja tena siku ya pili yake. Hii humfaa dereva wa lori anayeondoka Changamwe na kurudi baada ya wiki mbili, anayejua vizuri ni usiku gani. Dada yangu, wewe usiifuate hesabu hii. Kidonge huchukua muda mrefu zaidi kujaa kwenye uke, na njia hiyo haikukubaliwa kwa wanawake.

Kuhusu mfungo wa Ramadhani, ambao huulizwa kila mwaka: hamishia kidonge baada ya futari au wakati wa daku. Saa kadhaa za tofauti hazidhuru kitu.

Pete

Nilipoitoa pete mara ya kwanza na kuiweka juu ya leso mbele ya wanachama wa chama kimoja Kisauni, mama mmoja aliiokota, akaikunja, akaiachia ikarudi duara, akasema, "Mbona hii bangili ya mtoto?" Ni ya silikoni, laini, nyeupe ya maziwa, na ndani imejaa dawa ya dapivirine. Mwanamke huiingiza mwenyewe ukeni, hukaa mwezi mzima, kisha huweka nyingine. Haitolewi wakati wa hedhi. Baada ya saa 24 inaanza kulinda.

Nguvu yake ni ndogo, na sitaipamba. Majaribio mawili makubwa, ASPIRE na Ring Study, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta ikipunguza maambukizi kwa asilimia 27 na 31. Wenye miaka zaidi ya 25 walilindwa vizuri zaidi. Mabinti wa chini ya miaka 21 hawakuonekana kupata faida, na sehemu ya sababu ni kwamba wengi wao hawakukaa nayo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2021 kama nyongeza kwa wanawake, lakini Desemba mwaka huo ombi la kibali Marekani liliondolewa. Hulinda uke tu. Kwa tendo la nyuma haina kazi.

Basi kwa nini ninaitaja? Kwa sababu dawa yake hubaki pale pale na haizunguki sana mwilini, haina figo ya kupima, na ndiyo pekee kati ya hizi nne ambayo mwanamke huiweka na kuitoa kwa mkono wake, mlango wa choo umefungwa. Haina chupa inayolia. Wanaume wengi hawaisikii, wengine huisikia. Ninayemshauri pete ni yule ambaye kidonge kimemshinda na sindano haijafika kwenye kituo chake. Sindano ikifika, nitamwambia ahamie huko.

Jambo moja la pembeni, maana pete huleta mazungumzo haya. Wengi huniambia wataitoa ili waoge ndani vizuri. Mombasa hii ndiyo iliyofundisha dunia kuhusu kuosha ndani. Utafiti uliofuatilia wanawake wa mji huu kwa miaka 10, uliochapishwa 2006, ulionyesha kuwa wanaojiosha ukeni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata VVU, hasa wanaotumia sabuni. Maji ya nje yanatosha, mwanangu.

Sindano mbili

Hapa ndipo mizani inapoinama. Cabotegravir ilijaribiwa kwa wanawake 3,224 katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, katika utafiti uitwao HPTN 084. Nusu walipewa sindano ya dawa, nusu kidonge cha dawa. Walioambukizwa upande wa sindano walikuwa 4, upande wa kidonge 36. Kumbuka kwamba kidonge hapo hakikuwa kitupu; kilikuwa dawa kamili, ila wengi hawakukimeza kila siku.

Lenacapavir ikaja na matokeo ambayo hata mimi nilisoma mara mbili. Utafiti wa PURPOSE 1 ulifanywa Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliodungwa, aliyeambukizwa hakuwapo. Sifuri. Kati ya 1,068 waliopewa kidonge cha kawaida, waliambukizwa 16. Mtafiti Linda-Gail Bekker wa Cape Town alipoyasoma matokeo hayo kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi mjini Munich, Ujerumani, Julai 2024, ukumbi ulisimama. Utafiti wa pili, PURPOSE 2, uliohusu wanaume wanaolala na wanaume pamoja na watu waliobadili jinsia, ulikuta maambukizi 2 kati ya watu 2,179.

Zinatofautianaje kwa mtu anayedungwa? Cabotegravir hudungwa takoni, ndani ya msuli, na muuguzi aliyefunzwa. Mbili za kwanza zinaachana mwezi mmoja, kisha kila miezi miwili, yaani safari 7 mwaka wa kwanza. Huuma siku mbili tatu, kama umekalia jiwe. Lenacapavir hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, sindano mbili kwa pamoja, kisha unarudi baada ya miezi sita. Dawa hukaa pale kama kipande cha sukari guru kwenye chai iliyopoa, ikiyeyuka pole pole. Ndiyo maana wengi hubaki na kinundu chini ya ngozi, wengine kwa miezi. Katika majaribio wachache sana waliacha kwa sababu hiyo, lakini ambaye mwenzake humpapasa tumbo na kuuliza maswali ajiandae na jibu. Siku ya kwanza humezwa pia vidonge viwili, na siku ya pili viwili tena. Hivyo vya siku ya pili si vya hiari, kwa sababu ndivyo vinavyoifikisha dawa kwenye kiwango upesi. Vifunge kwenye karatasi, havitalia.

Mtu wa Likoni apige hesabu. Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini matatu za kwenda na kurudi si bure, na nusu siku ya kibarua hairudi. Safari 7 au 2? Halafu kuna siri. Wanawake wengi hapa tayari hudungwa depo kila miezi mitatu. Akisema anakwenda kudungwa sindano, hakuna anayegeuza shingo. Hizi dawa zote nne haziharibu uzazi wa mpango, na uzazi wa mpango hauziharibu.

Doa la sindano ni kuacha. Ukikosa tarehe, dawa haiishi ghafla; hushuka taratibu kwa mwaka mzima au zaidi, ikiwa kidogo mno kukulinda lakini ikitosha kuvifundisha virusi ukiambukizwa kipindi hicho. Kwa hiyo mwenye kuacha sindano huku hatari ingalipo hurudi kwenye kidonge. Mwenye kumeza rifampicin kwa ajili ya kifua kikuu hapewi cabotegravir, na kwa lenacapavir huhitaji dozi za ziada. Sema ukweli kuhusu dawa zako zote kabla sindano haijaingia, maana ikishaingia haitoki.

Tarehe zina nafasi kidogo. Cabotegravir huvumilia takriban wiki moja mbele au nyuma, lenacapavir wiki mbili. Masheikh wengi husema sindano isiyo ya lishe haifunguzi saumu, lakini mwenye shaka ana nafasi ya kudungwa kabla mwezi haujaandama.

Bei, na nani anafikiwa

Sehemu hii haimo kwenye vipeperushi, na mimi naona ni nusu ya uchaguzi. Lenacapavir ilipopata kibali Marekani, Juni 2025, bei yake kule iliwekwa dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla, Andrew Hill wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake walikuwa wamekokotoa kwamba ikitengenezwa kwa wingi inaweza kuuzwa takriban dola 40. Wanaharakati wakaishika hesabu hiyo, wakaipigia kelele Munich na kwingineko. Oktoba 2024 kampuni ya Gilead, yenye dawa hiyo, ikatoa leseni kwa watengenezaji sita wauze katika nchi 120, Kenya ikiwemo. Septemba 2025 ikatangazwa kuwa kuanzia 2027 dawa ya watengenezaji hao itauzwa dola 40 kwa mwaka, kama Sh5,200. Kelele ilizaa.

Haikuzaa kwa wote. Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambazo watu wake walijitolea miili yao katika PURPOSE 2, hazikuwekwa kwenye leseni. Nikikumbuka wanawake wa Mombasa waliochangia damu na maisha yao kwenye tafiti tangu miaka ya 1990, hilo hunisumbua. Anayetoa mkono wake udungwe kwa majaribio hafai kuambiwa baadaye kwamba dukani hana nafasi.

Na dawa kuwa rahisi si sawa na dawa kuwa kituoni. Mapema 2025, Marekani ilipositisha misaada yake kisha ikafungua mlango nusu, fedha zake za PrEP ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kwenye kliniki moja, jina lake nalihifadhi, nilimsindikiza binti wa miaka 22 akaulizwa dirishani kama ana mimba. Hana. Akaambiwa asubiri tangazo. Tulipotoka nje akaniuliza, uso mkavu kabisa, kama inabidi ashike mimba kwanza ndipo aruhusiwe kujikinga. Dada wa dirishani hakuwa na kosa, alisoma alichotumiwa.

Kenya imo miongoni mwa nchi za kwanza Afrika zilizochaguliwa kupata lenacapavir kupitia Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, lakini haitatua kila zahanati siku moja. Uliza kituo chako kabla hujalipa nauli, na uulize maswali mawili: dozi ipo, na ya pili itakuwapo tarehe yangu ikifika?

Ningechagua nini

Binti anayelala chumba kimoja na ndugu watano, au aliye na mume mkali: lenacapavir, bila kufikiri sana. Ikiwa haipo ila cabotegravir ipo, hiyo, mradi safari 7 zinawezekana. Mjamzito ambaye mume wake ndio kwanza ameanza matibabu: kidonge kinatosha, maana baada ya miezi kadhaa mume akishusha virusi hadi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza tena kwa ngono, na mama anaweza kuacha. Mwenye mpenzi wa msimu, anayerudi meli ikitia nanga na kupotea: kidonge pia. Dereva wa masafa: hesabu ile ya mbili, moja, moja, au sindano ya miezi sita kama anajijua ni msahaulifu. Mwenye kifua kikuu: kidonge. Asiyetaka dawa kuzunguka mwilini na aliyezidi miaka 25: pete, pamoja na kondomu.

Cha mara moja kwa mwezi, kidonge kiitwacho MK-8527, kilianza majaribio makubwa 2025. Hicho tungoje.

Na ikiwa unasoma haya kwa sababu ya jana usiku, kondomu ilipasuka au ulilazimishwa, acha ulinganisho huu wote. Kinga yako leo ni PEP, dawa ya siku 28, inayoanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ikienda nguvu yake hupungua. Nenda sasa hivi hospitali ya serikali iliyo karibu, mlango wa dharura, hata kama ni Jumapili. Kama ulilazimishwa, usioge kwanza.